Sanduku Iliyolala Kwetu

Bukavu, Kadutu, siku ya Mungu, nyuma ya misa

Kwa mutoto wangu mupenzi Gisèle,

Nakusalimia sana, mutoto wangu, salamu za mama na za nyumba yote. Uko muzima? Kile kichwa kilichokuwa kinakuuma kwa kuangalia kioo cha ordinateur, kimepona? Huko Ulaya baridi imeanza? Unakula? Merveille alinionyesha picha yako mu telefone, nikaona shingo imekuwa nyembamba, nikamwambia huyu yaya wako, dada yako mukubwa, anakula mikate tu. Tafuta hata unga kidogo, Jumamosi usonge bugali, ukule kama mutu.

Sisi hapa tunamushukuru Mungu. Mvua inanyesha bila kupumzika, udongo umeshuka nyuma ya nyumba ya jirani lakini haukugusa mutu. Paa uliyotutengenezea haivuji hata tone. Merveille amefaulu, ila hesabu inamusumbua, na bado anasema atakuwa enjenyeri kama yaya wake. Tonton Jean-Marie anaendelea vizuri, njo yeye anakuletea hii barua kwa mukono, maana anakuja kule kwenu mu mikutano ya université. Nimemwambia ni habari ya wanawake, asiifungue.

Utashangaa kuona mwandiko umelala upande. Ni wangu. Unajua masomo yangu yaliishia wapi. Kila siku mimi ninasema na Merveille anakuandikia mu WhatsApp, lakini hii sikutaka aijue mbele yako. Mu telefone nilijaribu. Nimekuita mara nyingi, na ukisema tu « Allô maman », mimi naanza kukuuliza habari ya baridi. Basi leo nimefunga mulango, nimemwambia Merveille tumbo linaniuma. Si uongo sana.

Ni juu ya Anaclet.

Najua hupendi tumutaje. Lakini wewe uko mbali na mimi niko naye ukuta kwa ukuta, mutoto wa Maman Apolline, yule uliyemuombea kazi wewe mwenyewe wakati kampani yenu ya petroli na gazi ilitafuta mutu wa hapa wa kutunza vyombo vya utafiti pa ziwa. Tangu wamufukuze hajapata kazi ingine. Akienda kuchota maji, watoto wanamuimbia, « Papa Robine, Papa Robine, tuwekee na chumvi! » Juzi pa soko mama mumoja muuza sambaza alimuita mbele ya watu wote, akamwambia aje amutilie chumvi mu samaki wake kwa sababu iko fundi. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa pale, nikajifanya ninachagua nyanya.

Na ule musichana wake, Martine, siku ya kupeleka mahari ilikuwa imekwisha kupangwa. Sasa wazee wa musichana wametuma neno kwamba wangojee kwanza, maana mutu anayedanganya wakubwa wa kazi atadanganya na mutoto wao. Maman Apolline hakai tena na sisi pa benchi ya mbele mu kanisa. Anakaa nyuma, karibu na nguzo, na misa ikiisha anatoka wa kwanza.

Acha nikukumbushe vile ilikuwa, uone kama nilisikia vizuri na hiki kichwa changu kidogo. Ulinieleza kwamba ninyi wa labo mumeumiza akili miaka juu ya ile mashine, ile bomba nyeupe kama thermos kubwa, yenye kushuka mupaka kule chini ya ziwa ambako gazi inalala, na kuipima palepale bila kuinua maji. Mulikuwa mumeijaribu tu mu matanki ya kwenu. Ziwa letu njo lilikuwa la kwanza kuiona. Ukasema gazi ikipimwa vibaya, wenye kuja kuichota watachota vibaya, na sisi wote tunaoishi pembeni tutalipa. Kisha ukaniambia, mama, usiogope. Na mimi, mutu akiniambia nisiogope, njo ninaanza.

Mule mu sanduku, pamoja na mashine, mulikuwa chupa ya maji meupe kabisa. Ulisema ni maji ya kulinganisha. Mashine inaonja yale kwanza, halafu inaonja ya ziwa, na ile tofauti njo jibu. Uliifungua ile chupa wewe mwenyewe hapa mu salon ili Merveille aone vile maji yanaweza kuwa safi, ukaifunga tena.

Maana sanduku ililala kwetu. Ile Jumamosi mulifika na Anaclet kutoka Kavumu, pa uwanja wa ndege, mukakuta depo imefungwa, mulinzi ameenda pa kilio. Anaclet alitaka abaki mu motokari na sanduku mupaka mulinzi arudi. Ukamwambia, twende, maman amepika. Akakukumbusha sheria ya kampani, kwamba sanduku haiwezi kulala inje ya depo. Ukacheka, ukasema nyumba ya maman iko depo kuliko depo. Tukacheka wote. Naye akakaa, akakula sombe yangu mupaka akapangusa sahani.

Kisha mulienda pa ziwa, namba zikakuja kama za wazimu, na wakubwa wa kule Ulaya wakapima ile chupa, wakakuta chumvi ya jikoni. Wakasema Anaclet amemwanga maji ya kweli, akaogopa, akajaza maji ya robine, haya tunayochota pa mufereji, na kuongeza chumvi ili adanganye mashine. Wakakuuliza sanduku ilipita wapi. Ulikuwa umesimama hapa mu salon na telefone, na mimi nilikuwa ninakunja nguo. Français yangu ni kidogo, mutoto wangu. Lakini « dépôt » ninaijua, na « jamais » ninaijua. Uliwaambia sanduku ilitoka pa ndege ikaenda depo, haikulala pengine hata siku moja, na funguo iko kwa Anaclet.

Sikuhukumu. Ungejua ni nani anayekuandikia, ungeona kwamba sina mudomo wa kukuhukumu.

Wiki iliyopita Anaclet alikuja hapa. Amekonda. Aliniletea sambaza mu sachet, yeye ambaye hana kazi. Alikaa pale pale ulipomukalisha ile siku, akaniambia hakumwanga maji, anaapa juu ya kaburi la baba yake. Nikamuuliza, mbona hukuwaambia wakubwa kwamba sanduku ililala kwetu? Akaniambia, « Maman, Gisèle ni yaya wangu. Yeye akianguka kule, hakuna mutoto wa Bukavu watakayemuchukua tena mu ile labo. Afazali nianguke mimi. » Anafikiri chupa ilifunguliwa njiani, mbele ya kufika Kavumu. Hajafikiri hata kidogo juu ya nyumba hii. Akaniomba jambo moja tu. Akasema, maman, wewe uko mutu wa sala, uombe mu shirika Mungu amufunue aliyefanya hii kitu.

Na mimi nikaitika. Gisèle, nilienda. Shirika lote la wakristu wa barabara yetu lilikutana pa nyumba ya mwenzetu Carmel, tukashika rozari, na ni mimi niliongoza. Nilisema kwa sauti, Bwana, umutoe inje aliyemuharibia Anaclet jina. Wote wakasema amina. Maman Apolline alisema amina yenye nguvu kuliko wote, na alikuwa amenishika mukono. Mukono wake ulikuwa baridi. Wangu ulikuwa unatoka jasho, akafikiri ni neema.

Sasa nakuambia.

Ile siku ya Mungu ulienda na Merveille misa ya kwanza, mimi nikabaki kulinda sanduku. Nililiangalia, nikafikiri juu yako katikati ya maji, juu ya kale kamutumbwi ka motere, unashusha chuma mu gazi yenye kuua. Mimi ni mutoto wa Idjwi, kule kisiwani, unajua. Kwetu baba hakushusha mutumbwi mupya mu ziwa bila kuutilia chumvi ya baraka, ile padri anabariki, na hakuna hata mumoja wetu ziwa lilimuchukua. Ninayo siku zote mu kikopo chini ya picha ya Bikira Maria. Nilitaka kuitia pa mashine, nikaogopa, kwa sababu ina moto wa umeme, na maji na umeme vinagombana. Nikaona ile chupa. Nikasema, maji kwa maji hayawezi kugombana. Nikafungua, nikatia chumvi ya vidole, nikatikisa, nikakuombea kwa jina lako lote. Ikayeyuka, haikuonekana tena. Nilifurahi. Niliimba nikipika.

Siku uliyonipigia toka pa depo ukalia, « Chumvi, maman! Chumvi ya jikoni! », nilikuwa na kikombe cha chai. Nilikiweka chini, nikakuuliza kama umekula.

Sikunyamaza juu yako tu, usinifikirie muzuri. Nilinyamaza kwa sababu hapa wananiita Mama Enjenyeri, wananiachia nafasi pa benchi. Niliona wakijua, watasema mama muzima amechezea kazi ya labo kama mutoto wa maternelle. Nikamuacha kijana wa mwenzangu aitwe Robine ili mimi nisiitwe mujinga.

Mu hii bahasha nimefunga chumvi yenyewe, kutoka kikopo kile kile. Uwapelekee, wapime. Watakuta ni moja na ile ya mu chupa. Na ukiwaeleza, usiseme « mutu mumoja wa nyumbani ». Sema ni mama yangu, utaje jina langu vile nimeliandika hapa chini. Waje hata waniulize, nitajibu kwa kiswahili.

Lakini chumvi yangu haiwezi kueleza vile ilifika pa chupa kama sanduku ilikuwa mu depo. Hiyo ni yako, mutoto wangu, siwezi kukusemea. Ninaogopa kazi yako, ninaogopa mupaka mifupa. Alhamisi ijayo shirika litakutana kwa Maman Apolline, na nimeomba niongoze tena. Nitasimama mbele yake, niseme vile Bwana amemutoa inje yule tuliyeomba atolewe. Nitasema na sanduku ililala wapi. Tonton atakufikia mbele ya siku hiyo. Umupigie Anaclet wewe wa kwanza, aisikie kwa yaya wake.

Wasalimie wenzako wa labo. Yule aliyeona chumvi umwambie ana macho mazuri, simukasirikii. Jivike ile écharpe nyekundu pa shingo. Merveille anagonga mulango, anauliza kama tumbo limepona. Nitamwambia linaanza kupona.

Mungu akulinde mu kazi na inje ya kazi.

Ni mimi mama yako mwenye haya,

Eulalie M'Birindwa