Radi Uliyoisifu

Mwanangu kipenzi,

Huku tu wazima, ila mkanda wa cherehani umekatika. Shairi lako nimelisoma mara tatu, nikifuata kwa kidole. Shangazi yako kacheka, "Mtoto huyu anaogopa mende, halafu anasifu radi!" Mimi sikucheka. Umeandika kwamba mawingu yakinguruma unapanda juu ya paa la bweni, radi ikuite kwa jina. Unapanda kweli, au ni maneno ya shairi tu?

Nilikudanganya, mama. Baba yako hakufa kwa homa. Alisimama uani akitazama radi, akaniita, "Mke wangu, njoo uone uzuri huu!" Nilipotoka, ilikuwa imeshampiga.

Nijibu upesi, tena si kwa shairi: unapanda au hupandi?

Ni mimi mama yako, ninayechungulia mawingu tangu asubuhi.