Baba, Oti Amekushinda Kuhusu Moto

Baba,

Shikamoo. Ningekuuliza hali, lakini nakujua. Ungeanza kunibishia kwamba hali ni ya walio hai, kisha ungenitaka nizitaje sifa zote za walio hai, na barua ingeishia hapo. Kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye habari. Jana Jumamosi, hapa jikoni, mjukuu wako Otilia amekushinda suala la moto. Ndiyo, lile lile. Lile ulilonishinda mimi nikiwa na umri wake, enzi unafundisha Mpitimbi, na hukuwahi kunipa jibu lake mpaka tunakuzika.

Ngoja nianzie nyuma kidogo, maana mengi yamebadilika.

Mama hajambo. Baridi ya mwaka huu imemkaa kwenye magoti, anashinda kando ya jiko na khanga mbili mabegani, lakini ulimi wake ni ule ule. Mahindi uliyoyaacha machanga tumeshayavuna na kuyapukuchua. Mparachichi wako wa nyuma ya choo, ambao uliapa hautazaa kamwe, umezaa. Mama anasema mti ulisubiri uondoke ndipo uzae, ili kukukomoa. Mimi bado nashona, msimu huu ni sare za shule tu. Kiti chako cha kamba kiko pale pale barazani. Kuku anakikalia, sisi bado hatujathubutu.

Sasa Oti. Baba, tangu tulipotoka makaburini, mtoto aliacha kubisha.

Wewe unaelewa uzito wake, lakini nikieleza kwa wengine wananishangaa. Wao hawakukaa kwenye marudio yako ya masomo ya Jumamosi. Hawakukuona ukiegemea kiti na kutangaza kwamba jua ndilo linaloizunguka dunia: "Limetoka Matogoro, linakwenda Mbinga. Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi, sijasogea hata kidogo. Sasa nani amesogea? Nishinde!" Nakumbuka siku ulipofunua sufuria ya maharage, ukatuonyesha matone chini ya kifuniko, ukadai sufuria imetoka jasho kwa sababu na yenyewe imeona joto. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Mvuke, baba! Ni mvuke umegusa kifuniko ukapoa! Ulinitazama kama hujawahi kusikia neno hilo, ukataka nithibitishe. Wageni walidhani mwalimu mzima umechanganyikiwa.

Na sheria yako ilikuwa moja tu: anayenyamaza ameshindwa. Mama ndiye aliyekuwa mwamuzi, na hakuwahi kukupendelea.

Oti aliirithi michezo hiyo kuliko mimi. Mlikuwa mnabishana mpaka chakula kinapoa. Halafu ukaondoka, na yeye akawa mtoto wa "ndiyo, mama." Mwalimu wake aliniita shuleni. Nilikwenda nikijua kuna kesi. Kumbe ananisifia! Otilia ametulia sana siku hizi, hasumbui, anaandika kila anachoambiwa. Nilirudi nyumbani Ruhuwiko na hofu kubwa kuliko ningeambiwa amevunja dirisha.

Yuko darasa la nne, mtihani wa taifa unamsubiri mwisho wa mwaka, kwa hiyo nikaamua kuyafufua marudio yako. Mimi na sayansi unatujua. Nilifungua kitabu chake nikakosea kwa makusudi kama wewe. Nikamwambia kazi ya mizizi ni kutengeneza chakula cha mmea. "Ndiyo, mama." Nikamwambia popo ni ndege, si anaruka? "Ndiyo, mama," na akaandika! Baba, aliandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba popo ni ndege. Ikabidi nichukue ufutio nifute mwenyewe, kisha nikajifanya naenda kutafuta uzi chumbani, nikalia. Niliona tumekuzika wewe na mdomo wa mtoto wangu kwenye shimo moja. Mtihani wala haukunitisha. Kilichonitisha ni kumwona anakubali kila kitu, ana miaka kumi tu.

Basi, jana. Ukungu ulikuwa umeifunika milima ya Matogoro yote, na mkaa niliouziwa ulikuwa na unyevu. Maharage yapo jikoni, nimekwenda kupokea kitambaa cha mteja, narudi, jiko limezimika. Kiberiti nacho kimeisha. Nikamtuma Oti kwa Mama Festo, jirani wa mlango wa pili, akaombe moto. Akarudi na makaa mawili mekundu juu ya kipande cha bati, anatembea polepole huku akiyakinga na upepo kwa mwili wake.

Nikayapokea, nikaanza kupepea kwa kifuniko cha ndoo. Mada ya siku ilikuwa sifa za viumbe hai. Sikuwa nimepanga kuuleta moto, sikutaka kugusa kitu chako. Lakini ulikuwa pale mbele yangu unawaka, mdomo ukaniponyoka. Nikasema moto ni kiumbe hai. Unakula, huu hapa unakula mkaa. Unapumua, unyime hewa uone kama hautakufa. Unakua. Unajongea, waulize wanaochoma mashamba. Unatoa takamwili, majivu haya. Na unazaa, makaa mawili ya Mama Festo yamezaa jiko zima.

"Ndiyo, mama," akasema, kalamu iko mkononi.

Hapo nikakasirika, Baba. Nikasema kwa hasira tu, bila kufikiri, kwamba basi tumeshuhudia muujiza, maana moto wetu ulikufa na sasa umefufuka.

Kalamu ikasimama.

"Hapana," akasema.

Mama pale kwenye mkeka akaacha kuchambua mchele.

"Haujafufuka. Nimeuomba kwa Mama Festo." Sauti ilikuwa ndogo, ila ilikuwa inapanda. "Moto ukizimika unaenda kuomba mwingine kwa jirani, au unanunua kiberiti, unawaka vilevile. Kitu kilicho hai kikifa hakiombwi. Kingekuwa kinaombwa, mimi ningeenda kumwomba Babu. Ningeenda nyumba zote."

Moshi ulinisaidia, nilijifuta macho nikiusingizia. Yeye alikuwa analia waziwazi, kamasi na machozi, lakini hakunyamaza! Alisimama kabisa. Akaninyooshea kalamu: "Na tena kuhisi umekuruka! Sifa ziko saba, wewe umetaja sita. Ukiumwagia maji hausikii baridi. Babu naye alikuwa anairuka hiyo, anapita haraka haraka. Nilimwona!"

Baba, mtoto alikuwa anajua. Alikuwa amekuwekea hoja hiyo ili akubane nayo Jumamosi moja, nawe hukuifikia. Mimi ulinipita na sifa hiyo ya saba utoto wangu wote sikuiona. Mzee mjanja wewe!

Mama alikohoa kama jaji. Akasema, "Bene, umeshindwa. Na mwenzako huko aliko naye ameshindwa. Haya, maharage yanaungua." Tukacheka wote watatu, na machozi yetu vilevile. Maharage yaliungua kweli kwa chini, tukala hivyo hivyo, na sijala chakula kitamu kama kile tangu uondoke.

Nilimwonya tu kwamba kwenye mtihani asiandike habari za Mama Festo, aandike kuhisi, maana msahihishaji hana muda wa kulia. Akanibishia na hilo! Akataka kujua kwa nini jibu la kweli likae nje ya karatasi. Nikamwambia hoja hiyo ampelekee mwalimu wake, na Jumatatu nadhani ule utulivu ninaosifiwa shuleni utakuwa umekwisha. Nitaitwa tena, na safari hii nitakwenda nimevaa vizuri.

Leo tumetoka misa ya kwanza, uji ulikuwa bado haujaiva akaanza kuniuliza kama kivuli ni kitu au si kitu. Tena yeye ndiye aliyeshika upande wa uongo. Ananiambia, "Nishinde!" kwa sauti yako, Baba, na kidole vilevile. Alipochoka kusimama alimfukuza kuku, akakaa kwenye kiti chako. Mama aliniangalia, nami nikamwangalia, hakuna aliyemkataza.

Nakuaga sasa, nina sare za kumalizia. Nakuahidi kila Jumamosi nitakosea. Nitakosea kwa bidii, kuhusu mizizi, popo, sumaku na mwezi, na sitampa jibu hata moja bure, mpaka siku atakapokuwa na wake wa kuwadanganya. Na kiti hatutakihamisha barazani.

Oti anasoma begani kwangu, amelazimisha niandike maneno yake kama alivyoyasema: "Babu, kama una hoja nyingine kuhusu moto, ilete."

Tumekaa kidogo tukakusubiri, mimi na yeye, kalamu ikiwa juu.

Umenyamaza, Baba. Sheria ni yako mwenyewe.

Pumzika. Umeshindwa vizuri.

Mwanao,
Benedikta