Maneno Matano Niliyoyaacha

Dodoma, Jumatano mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na mama pia mpe shikamoo yangu, najua saa hizi yuko shambani anagombana na mbuzi wa jirani. Goti lako linaendeleaje? Na kikohozi cha mama, kimepoa au bado anajifanya mzima? Mimi mwili hauna neno, ila moyo haujatulia tangu Jumapili. Wenzangu wamekwenda kula, mimi nimebaki na kalamu.

Baba, Jumapili ulinikatia simu na wala sikulaumu. Nilikufokea, na mtoto hamfokei mzazi. Nisamehe. Lakini uliyoyasema kabla ya kukata nimelala nayo na kuamka nayo: "Ulichokiandika kwa mkono wako hukifuti kwa mdomo. Lete karatasi, niisome mkutanoni kama nilivyoisoma ile ya kwanza." Haya, karatasi ndiyo hii. Anaileta jirani yangu anayesafiri na treni ya leo kwenda Tabora. Treni ikisimama Goweko, kaka Doto atakuwa stesheni na pikipiki yake aipokee. Kaniambia maji mtoni bado hayajafika magotini, kwa hiyo kesho utakuwa nayo mkononi.

Mkutanoni anza kusoma hapa.

Wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wote, shikamooni. Ni mimi Veronika, yule mnayeniita mbunge mdogo kwa sababu nafanya kazi bungeni. Mimi si mbunge, hata mdogo. Kazi yangu ni kuandika Hansadi, yaani maneno yote yanayosemwa mle ndani. Tunavaa visikilizio, kila mmoja anapewa dakika zake chache za sauti, anaandika. Mheshimiwa akikohoa tunamwachia kikohozi chake. Akisema neno, liwe zuri liwe bovu, linaandikwa. Hatuongezi na hatupunguzi.

Mwezi wa sita, kwenye bajeti ya ujenzi, mbunge wetu alisimama kuchangia, na dakika zake zikaniangukia mimi. Alisema vizuri jamani, sitamsingizia. Alisema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, wananchi wangu wanavuka mto kwa magogo, palepale walipovukia wapagazi wa misafara na mizigo mabegani. Wapagazi wamekwisha, magogo bado yapo. Mama mjamzito anavushwa kama gunia la karanga!" Wabunge walipiga meza. Mimi nililia na visikilizio masikioni, maana huyo mama aliyekuwa anasemwa nilimwona ni wa nyumbani kwetu.

Naibu Waziri akajibu: "Serikali itajenga daraja hilo kadiri ya upatikanaji wa fedha."

Kwenye Hansadi niliandika yote. Kwenye barua niliyowaletea ninyi niliandika, "Serikali itajenga daraja hilo," nikaweka nukta.

Hakuna aliyenituma. Nilifurahi, nikataka na ninyi mfurahi, na tuseme ukweli, nilitaka mseme binti wa mzee Kasanda ndiye aliyetuletea daraja. Maneno matano nikayaona yanaharibu utamu. Sisi tunaofanya kazi hapa tunayasikia kila siku, na tunajua kwamba daraja likishafungiwa kwenye maneno hayo, mwenye safari atafute njia nyingine. Nilijua, nikayaacha. Baba akawasomea, mkapiga vigelegele.

Nimeambiwa kilichofuata. Kila mwaka kabla ya mvua kila kaya inaleta gogo, wanaume wanalaza magogo siku moja, akina mama wanapika ugali na maharage ukingoni. Mwaka huu hakuna aliyepiga ngoma ya kuita watu. Magogo yaliyokuwa yamekwisha kukatwa mmegawana, mkajengea mabani ya kukaushia tumbaku. Siwalaumu. Mtu aliyeahidiwa daraja apoteze magogo kwa nini?

Wiki iliyopita mbunge wetu aliuliza tena. Alijibiwa kwamba daraja halimo katika fedha za mwaka huu, litaangaliwa mwaka ujao. Nilikuwa nayaandika maneno hayo, vidole vikagoma. Mama msimamizi wetu akanisogelea.

"Vero, umekwama? Sauti haisikiki?"

"Inasikika, mama."

"Sasa?"

Nikamwambia hakuna kitu. Nikamalizia kuandika.

Kwa hiyo ndugu zangu, daraja haliji mvua hii. Nawaomba, kama mngekuwa karibu ningewapigia magoti, rudisheni magogo. Bomoeni hata bani moja moja. Tumbaku bado ni miche, mabani mtayajenga tena kabla ya kuvuna. Kivuko ni kazi ya siku moja mkitaka, na mbunge wetu hana mkono wa kulaza gogo kutoka huku. Akiuliza mtu nani aliwapotosha, jina langu liko hapa, ni Veronika.

Ishia hapo, baba. Yanayofuata ni ya nyumbani.

Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha vya kutosha. Naogopa, baba. Naogopa hata kulala. Uzazi wa kwanza wa mdogo wangu Monika unaukumbuka kuliko mimi. Unakumbuka damu, na machela ya kitanda cha kamba, na wewe mwenyewe umeshika mguu wa mbele mkipita juu ya magogo. Nesi wa zahanati alisema mngechelewa kidogo tu tungezika. Sasa ni mjamzito tena, yuko mwezi wa nane. Mto ukijaa, unajua unavyokuwa, maji ya kifua wiki nzima na mkondo unaobeba ng'ombe. Hiyo machela ataishika nani?

Nilimpigia Jumatatu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nenda kwa shangazi kule Itetemia sasa hivi, ukajifungulie mjini." Akacheka! Akasema, "Dada, miche ya tumbaku nitamwachia nani? Na daraja si linakuja? Wewe ndiye uliyeandika." Nikamwambia haliji. Akasema ninamtisha kwa sababu naishi mbali na ninawaza sana. Mumewe naye nikamsikia nyuma, "Mwambie shemeji Bunge halidanganyi." Bunge halikudanganya, baba. Nilidanganya mimi.

Tafadhali, usingoje mkutano kwa ajili ya Monika. Doto amvushe wiki hii, miguu yake ingali inagusa mchanga, amfikishe kwa shangazi. Miche iungue. Likizo sina mpaka mkutano wa Bunge uishe, nimeomba mara mbili nimenyimwa, na nikingoja hapo nitakuta mto umekwisha kufunga njia.

Msalimie mama na umwambie kanga yake nimeinunua. Msalimie shangazi, mwambie namletea mgeni mwenye tumbo. Mwenyekiti wa kijiji mpe pole yangu, atatukanwa kwa kosa la mtu mwingine. Katekista asitaje jina langu kwenye shukrani za Jumapili, nasikia bado ananitaja.

Monika usimpe salamu. Mkalishe mbele yako umsomee barua hii yote, na hili la kwetu pia, kisha umwambie dada yake alimdanganya. Atanuna, atalia, atasema hanitaki tena. Mwache anichukie, baba, ilimradi awe hai wa kunichukia.

Ni mimi mwanao,
Veronika