Kidole Ndani ya Keni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua Skola ndiye anayekusomea, basi dada yangu Skola, soma polepole na usiruke mahali, hata ukikuta pa kuona aibu. Mama anaendeleaje na mgongo? Na tumbaku je, imeshatoka yote kwenye bani, au bado mnakesha na moto wa kuikaushia? Huku Lushoto mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inanikomesha. Ukiniuliza habari za kazi nitasema nzuri, kwa sababu ndivyo mlivyotulea, hata mwenye msiba husema nzuri kwanza. Lakini si nzuri, Baba.

Nilikwambia kwamba Mama Stela, huyu mjane ninayemfanyia kazi, hafugi kuku wala halimi mahindi. Anatunza maua yanayoitwa okidi, jamii ya yale yanayoota juu ya matawi kule porini Kasekese, tuliyokuwa tukiyaona ukipanda kutundika mizinga. Kwetu hakuna anayeyageuzia shingo. Hapa yana nyumba yao, kila moja na chungu chake, na watu wa hoteli wanakuja kuyanunua. Kazi yangu kubwa si kumwagilia, ni kuosha. Chungu kikitolewa mmea mmoja hakipokei mwingine mpaka kisuguliwe kwa brashi na kulowekwa kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Keni za kumwagilia nazisugua ndani na nje, kisha nazifudikiza zikauke. Maji yaliyopita kwenye chungu hiki hayaruhusiwi kugusa kile. Ungeniona ungecheka: mwanao aliyekuwa akikwepa kuosha sufuria ya ugali, leo anasugua vyungu ambavyo hakuna atakayekula humo.

Sasa, masika yalipoanza, majani yakaanza kuingia michirizi ya njano, kisha mabaka ya kahawia. Mama Stela akaniuliza, "Venansi, unaosha kweli wewe?" Nikaapa. Nikarudia kuosha kila kitu, hata visahani, hata meza, mpaka vidole vikachubuka. Michirizi ikazidi. Nilikuwa sielewi, na kutoelewa kulinichosha kuliko kazi yenyewe.

Mwisho akamwita bwana mmoja anayejua magonjwa ya mimea. Alifika asubuhi, akasimama nyuma yangu akinitazama. Nami nikafanya kama siku zote. Nikavuta ugoro wako, ule unaonitumia kila mwaka. Nikajaza keni, nikachovya kidole kupima maji. Si ndivyo ulivyonifundisha kitaluni? Miche ya tumbaku haipewi maji mpaka kidole kiyakubali.

"Hapo hapo," akasema yule bwana. "Kabla ya kuchovya ulishika nini?"

"Ugoro, mzee. Wa nyumbani, baba anasaga mwenyewe."

"Nyumbani wapi?"

"Mpanda, kule Kasekese."

"Nyie kule mnalima tumbaku?"

"Ndiyo kazi yetu."

Akashusha pumzi. Akaeleza kwamba tumbaku ina ugonjwa wake, nao haufi hata jani likikaushwa na kusagwa, na zipo okidi zinazoupata kwa kuguswa tu. Nikamwomba dawa. Akasema dawa hakuna, kilichougua kinachomwa moto.

Basi, Baba, keni nilikuwa naiosha ikang'aa, halafu ugonjwa nautia kwa kidole changu mwenyewe. Tulichoma karibu nusu ya maua ya nyumba ile. Mama Stela hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba ukionekana mmea mmoja zaidi wenye michirizi anafunga, hana tena nguvu ya kuanza upya. Akifunga, mimi sina kazi. Ugoro nimeacha. Kila asubuhi naingia mle roho mkononi.

Na wewe umesema ukishauza tumbaku utapanda treni uje unione, na utaniletea msokoto mpya. Nimeandika jibu nikachana, nikaandika tena nikachana. Namwambiaje baba yangu asije na tumbaku? Huna kingine, na hujawahi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Na hiyo mikono yenyewe imekolea tumbaku mpaka ndani ya kucha. Mama Stela amesema mtu wa tumbaku havuki mlango ule, hata akiwa mzazi. Nikajibu, ndiyo mama.

Nilikuwa napanga kumbembeleza. Nikushikie birika pale mlangoni, nikunawishe kwa sabuni kama tunavyokunawisha kabla ya kula, kisha uingie utazame tu bila kugusa. Kuna chungu kimoja nilitaka ukione. Kina okidi ya kwetu, niliyoibandua kwenye mti wa mzinga wako siku naondoka, nikaifunga kwenye kipande cha kanga ya Mama mpaka Tabora, mpaka huku. Mwaka huu imetoa kikonyo cha maua, bado hayajafunguka.

Barua iliishia hapo jana. Leo asubuhi nimeona mchirizi kwenye jani lake la chini. Nimeligeuza kwenye mwanga nikitumaini ni kivuli. Si kivuli. Nikifunga bahasha hii nakwenda kumwambia Mama Stela, maana nikinyamaza ugonjwa utahamia chungu cha jirani. Sijui nitamwambiaje, Baba.

Nisalimie Mama, mwambie kanga yake ilifika mbali. Nisalimie shemeji, fundi baiskeli wa Kawajense, na shangazi wa Ilembo anayenidai mke kila mwaka, mwambie huyo mke asubiri. Mjomba mrina asali naye asisahauliwe.

Treni usipande kwanza, Baba. Nadhani nitakuja mimi. Na hapo utanishika kichwa kwa mikono yako hivyo hivyo, bila kunawa.

Ni mimi mwanao,
Venansi