Kipimo Kilicholala Kifuani mwa Mama

Sumbawanga, Jumapili ya mwezi wa saba

Mniwie radhi kwa ukimya mrefu. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na mgeni, na mgeni huyo hunimalizia chai pamoja na muda wa kuandika. Leo upepo umevuma tangu alfajiri, na baridi ya Ufipa imenikaa magotini.

Mgeni ni mjukuu wangu Oresta, anayesomea uhandisi wa vifaa tiba chuo kikuu. Amekuja kwa mafunzo ya utafiti katika hospitali ya hapa mjini. Anajaribu kikuku cha kitambaa kinachofungwa mguuni mwa mtoto mchanga. Hupima joto lake na kulia kama kengele mtoto akipoa. Baadhi ya akina mama waliruhusiwa kwenda nacho nyumbani.

Vipimo vya nyumbani vilikuja vizuri mno. Watoto wote walikuwa na joto usiku kucha, katika baridi hii! Msimamizi wake alifurahi.

Oresta hakufurahi.

Jana aliniomba nimsindikize kijijini Chala kwa mmoja wa akina mama hao, maana alisema kuwa akiwa peke yake wanamjibu ndiyo kwa kila swali. Tulimkuta mama anapepeta ulezi, mtoto amelala ndani. Alipiga goti kidogo mbele yangu.

"Shikamoo, mwalimu. Kitu chenu kipo salama, hata mkojo haujakigusa."

Akafungua fundo la khanga kifuani mwake, akakitoa kikuku.

Kwetu, kitu cha watu hutunzwa kuliko cha mwenyewe. Wodini aliambiwa kuwa ni cha thamani. Basi kila mara mtoto alipolala, alikivua na kukiweka mahali salama kuliko pote alipopajua. Siku zote hizo kilikuwa kinapima joto la mama, na huenda nyumba nyingine ilikuwa vivyo hivyo.

Oresta hakumlaumu. Alikipokea kwa mikono miwili, akaingia ndani, akakifunga mguuni mwa mtoto. "Hiki si cha watu, mama. Ni cha mtoto."

"Kumbe! Mngesema mapema," mama akacheka. "Nami nimelala nacho kama mume!"

Jioni Oresta alimpigia simu msimamizi na kumweleza yote. Alisifiwa kwa ukweli wake, kisha akapewa njia mbili: atumie vipimo vya wodini pekee na kurudi chuoni na wenzake, au abaki mpaka baridi iishe, aanze upya nyumba kwa nyumba, na ahitimu nyuma yao. Akiondoka, vikuku vitabaki wodini, na watoto wa vijijini watalala bila kitu cha kuwalilia.

Leo baada ya misa nilimtania: "Mke mwenzangu, unakimbia baridi?"

"Bibi, usiniamulie."

Amenikamata. Ualimu umenizoesha kuwaamulia watu. Ninataka abaki. Ninajiambia kuwa ni kwa ajili ya watoto wale, lakini nikijichunguza vizuri, ninakiona pia kikombe cha pili mezani.

Je, nikimshawishi, nitakuwa ninamtetea nani?

Kwa hiyo nimenyamaza, jambo lililo gumu kwangu kuliko baridi hii. Nimemchemshia maji ya kuoga, nimejifungia chumbani. Jibu ni lake. Akilitoa, liwe la kubaki au la kuniacha, nitaliandika hapa kama atakavyolitamka, bila kulisahihisha.