Majibu Manane ya Chumbani

Nyalenda, Kisumu
4 Februari 2025

Kwako Senge Nangila,

Mulembe. Habari ya Sondu na biashara ya mitumba? Goti lako lilipona? Sisi huku tuko sawa. Mama anakusalimia, ila hajui nakuandikia nini, na tafadhali asijue. Naandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu ningesema "niko poa" kisha nikate.

Unajua niko mwaka wa mwisho wa diploma, na bila tasnifu simalizi. Utafiti wangu ni kuhusu foleni ya maji hapa Nyalenda. Wanawake huacha mitungi ipange foleni, wao wanaenda zao kibaruani, na wakirudi kila mtungi uko mahali pake. Nani anailinda? Ukisogezwa inakuwaje? Nilitakiwa kuhoji wanawake ishirini.

Senge, unajua vile mimi ni mwoga wa watu. Nilienda siku ya kwanza na ubao wangu wa kuandikia na beji ya chuo shingoni. Mama mmoja akanidhani mtu wa kampuni ya maji, akapaza sauti: "Wamekuja kukata mipira!" Watu wakaanza kukunja mipira yao ya maji mbio mbio. Mimi nikasema pole, nikaenda nyumbani. Wiki nzima nilijikaza nikapata kumi na wawili. Majibu yao yenyewe ni fujo tupu: mwingine anaruka swali, mwingine ananiuliza mimi.

Manane yaliyobaki niliyaandika mwenyewe, nimekaa kitandani. Nilibadilisha kalamu ili yasifanane. Wanawake hao wa kubuni niliwapa hata umri.

Sasa Daktari Wakhungu, msimamizi wangu, amesema mbele ya wenzangu kwamba kuna kitu kizuri kwenye karatasi zangu, na Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na nne, atakitumia kufundishia darasa. Nikinyamaza, nitasifiwa kwa uongo. Nikisema, naweza kufukuzwa miezi mitatu kabla ya kumaliza. Wewe umefanya kazi ya sensa mara mbili. Niambie nifanye nini.

Mtoto wa kaka yako,
Nasipwondi


Sondu
6 Februari 2025

Nasipwondi mwanangu,

Mulembe muno. Goti liko, linanisumbua kukiwa na baridi tu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa.

Sitakuambia si kitu. Ni kitu. Lakini kabla hujaanza kujiona mwizi wa kwanza duniani, nikuambie langu. Sensa yangu ya kwanza walinipeleka Awasi. Kulikuwa na boma moja lenye mbwa mkali, na mimi na mbwa unatujua. Nilisimama barabarani nikahesabu nguo zilizoanikwa: shati la mzee, marinda mawili, kaptura za shule tatu. Nikaandika watu sita. Kesho yake sikuweza hata kunywa chai. Nikarudi, nikapiga kelele nikiwa mbali mpaka mwenye boma akatoka. Alikuwa bibi mmoja, anaishi peke yake, anafua nguo za watu.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Kwanza, nenda kwa huyo Daktari wako kabla ya Ijumaa, kwa miguu yako, uso kwa uso. Usimtumie ujumbe. Mwambie namba za karatasi ulizobuni, moja moja. Pili, ule ubao uache nyumbani. Nenda na mtungi, upange foleni kama watu. Waambie wazi unasoma nini na unauliza kwa nini, na asiyetaka usimsumbue.

Mama yako sitamwambia. Hiyo ni kazi yako pia.

Senge wako,
Nangila


Sondu
20 Februari 2025

Nasipwondi,

Natumai u mzima. Ijumaa ilipita, na kesho Ijumaa nyingine inafika. Simu yako imezimwa. Kama wamekufukuza, njoo Sondu, nguo za kupanga ziko nyingi na sitakuuliza kitu. Kama hukwenda kumwambia, njoo vilevile. Andika hata mstari mmoja.

Senge


Nyalenda
1 Machi 2025

Senge wangu,

Mulembe, na unisamehe sana. Simu niliizima nikiogopa wewe na chuo kwa pamoja, kisha kazi ikanimeza. Sijafukuzwa.

Jumatano kabla ya ile Ijumaa nilienda ofisini kwa Daktari. Nilizunguka jengo mara tatu. Nilipoingia nilisema yote kwa pumzi moja, na namba za karatasi. Akafungua droo, akatoa bahasha. Manane yangu yote yalikuwa ndani, yamebanwa pamoja.

"Hawa wanawake wanane," akasema, "nilitaka kukuuliza walisomea shule gani. Wote wanajibu kila swali, tena kwa sentensi kamili. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza wewe ni wa nani?"

Senge, nilitamani sakafu ifunguke. Kitu kizuri alichosema ni ile karatasi ya Achola, anayeuza maandazi, ambayo niliona imeharibika! Alikataa maswali matano, kisha akaeleza dakika ishirini vile alivyogombana na jirani kuhusu mtungi wa bluu. Daktari alisema huo ndio utafiti. Akaniambia manane niyarudie, na kwenye sura ya mbinu niandike nilichofanya. Onyo limeingia kwenye faili langu, na nitawasilisha mwezi mmoja baada ya wenzangu. Nilisema asante kama mtu aliyepewa zawadi.

Nikaenda na mtungi. Nikaupanga, nikasimama kando yake. Achola akaniona: "Nyako, wewe msichana, mtungi ndio unapanga foleni, si wewe! Kwani ni mtoto, utalia ukiuacha?" Wote wakacheka. Nikaambiwa kaa hapa. Nikawaeleza masomo yangu, na nikahojiwa mimi kwanza: kama nimeolewa, mbona sauti ndogo hivyo, Baba anatoka wapi. Nilipojibu yao, nikauliza yangu. Imechukua wiki mbili. Wawili walikataa, sikuwasumbua. Jana nimemaliza wa nane.

Mama pia nimemwambia. Akauliza kama ile sentensi ya sura ya mbinu nimeshaiandika. Nikamsomea: "Mtafiti alibuni majibu manane, akayaondoa, akarudi kuhoji upya." Akasema iko sawa, niongeze tarehe.

Leo Jumamosi nimelala mpaka saa nne asubuhi. Mama anasema alifungua mlango mara mbili kuangalia kama napumua.

Wako, anayepumua,
Nasipwondi