Transista Iliyofuliwa Likombe

Shikamoo Mama. Mimi mzima, na kazi yangu imenusurika.

Jana mimi na wenzangu wa chuo tulikwenda kupima chumvi ya maji pale Ruvuma inapoingia baharini. Niliporudi nilisahau mfukoni mwa shati ile transista ya plastiki ya chuo, kile kipande cha kupitisha na kukata umeme kama swichi, chembamba kama ukucha, na nilikuwa nimebaki na hiyo moja tu. Leo asubuhi mwenye nyumba wangu hapa Likombe, Bi Somoe, akalifua shati kwa sabuni ya mche. Nikapiga kelele: "Transista yangu!" Yeye akashangaa, kwake transista ni redio: "Redio gani inalala mfukoni?"

Nikaitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya chumvi, nikaunganisha nyaya. Mshale wa mita ukapanda taratibu: bado inafanya kazi. Bi Somoe akatega sikio.

"Imesema nini?"

"Imesema inaweza kuishi majini. Siku moja itawekwa mwilini mwa mgonjwa, maana mwili nao umejaa maji."

"Basi niliifua vizuri," akasema, akanipakulia ugali wa muhogo na pweza.

Mama, lile kofi ulilonipiga utotoni kwa kugusa swichi ya umeme kwa mikono yenye maji nimekusamehe leo. Ila wewe usiiguse swichi hiyo ukiwa na maji mikononi, nije nikukute mzima.

Mwanao, Neema